Tunahama

Jina lake la kuzaliwa sikuwahi kulijua, na nadhani pale kwa dobi hakuna aliyelijua isipokuwa tajiri mwenye duka. Wote tulimwita Itanyooka. Lilitokana na jibu lake. Ukimwambia umeme umekatika, atasema itanyooka. Ukimwambia mama watoto kanuna tangu asubuhi, itanyooka. Siku moja mfuaji wa pale, ambaye tulimwita Povu, alijiinua kutoka kwenye beseni akijishika kiuno.

"Mzee," akasema, "mgongo wangu umepinda kwa kuinamia maji ya watu. Huu nao utanyooka?"

"Ulete hapa mezani," akasema mzee bila kuinua macho. "Pasi ina moto."

Mimi kazi yangu ni kunoa visu na mikasi. Kazi ya namna hiyo haikalishi mtu mahali pamoja, maana kisu ukikinoa sawasawa mwenyewe hakuhitaji tena kwa muda mrefu, basi unabeba jiwe lako unasogea mbele. Lakini mtaa ule nilikaa kupita kawaida yangu, kwa ajili ya goti. Nikapanga chumba, na mchana nikawa nanolea kwenye baraza la dobi, kwenye kivuli, huku nikimtazama Itanyooka akipiga pasi.

Ilikuwa raha kumtazama. Alilowesha kidole kwa ulimi, akagusa pasi chini, ikalia tss, naye kwa mlio ule akajua kama asubiri au aendelee. Shati alianzia kwenye kola, akaja mabega, akaja mikono, akaja mgongo, kifua akakiacha mwisho. Alipomaliza alilikunja na kulipapasa mara moja, kama mtu anavyompapasa mtoto aliyelala, kisha akavuta lingine. Kutwa nzima ndiyo hiyo. Nguo za familia za watu zilipita mikononi mwake, za baba, za mama, za watoto, na jioni zote zikaondoka kwenda kwa wenyewe, akabaki na meza.

Mkewe alikuwa amefariki mwaka juzi. Wanasema alikuwa mwanamke wa maneno mengi, naye Itanyooka mtu wa kimya, na ndoa ya namna hiyo haina matatizo: mmoja redio, mwingine msikilizaji. Redio ikazimika. Msikilizaji akabaki amekaa mahali pale pale.

Vyumba vyetu vilikuwa mstari mmoja, bati moja, na dari hakuna. Ukikohoa chumba cha mwanzo, wa chumba cha mwisho anakwambia pole. Chumba cha Itanyooka kilifuatiwa na cha mama mmoja msusi, mjane naye, ambaye alikuwa rafiki wa yule marehemu kiasi cha kuitana dada. Kwa hiyo yeye na Itanyooka wakawa mashemeji.

Sasa, miaka yote ya ndoa yake, Itanyooka akirudi kazini alikuwa na mchezo wake mlangoni. Anabisha, "Hodi," kwa sauti nzito kama mchuuzi. Na mkewe humo ndani anajibu, "Leo hatununui kitu." Ndipo anaingia. Mchezo wa kijinga, lakini ulikuwa wao.

Mkewe alipokwisha kuzikwa na waombolezaji kurudi makwao, ulimi ulikuwa haujapata habari. Jioni moja akarudi kutoka kazini, mfukoni anatafuta ufunguo, na huku anautafuta ulimi ukasema, "Hodi."

"Karibu, pita," ikajibu sauti ya mwanamke.

Msusi ndiye aliyenisimulia haya, na alisema alidhani ni mteja wake. Akangoja. Mteja haingii. Akatoka nje na kitana mkononi, akamkuta Itanyooka amesimama wima, rangi imemtoka.

"Nani amebisha hodi?"

"Mimi, shemeji."

"Mbona huingii?"

"Nilikuwa nabisha kwangu."

Msusi akautazama ule mlango. Kufuli lilikuwa limening'inia kwa nje. "Mlango umeufunga wewe mwenyewe asubuhi, na jioni unaubishia hodi. Sasa ungeitikiwa humo ndani ungefanyaje?"

"Ningekimbia."

Wakacheka wote wawili, halafu wakaacha kucheka kwa pamoja. Msusi akarudi kwake. Lakini tangu siku ile, kila jioni akisikia ule ufunguo unahangaika kwenye kufuli alipaza sauti, hata kama ana kichwa cha mtu katikati ya magoti, "Pita, nani kakuzuia?" Wateja walikuwa wanauliza anazungumza na nani. "Shemeji yangu," anasema. "Anaingia kwake."

Itanyooka alikuwa na mtoto mmoja tu, binti. Ameolewa upande wa pili wa mji na fundi umeme wa kiwandani, wana mtoto wa kike aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza shule. Kila Jumapili mzee alivaa shati lake jeupe akaenda kwa miguu kuwasalimia. Na kila Jumapili alipokelewa vizuri mno. Hilo ndilo lilikuwa tatizo, ingawa ni vigumu kumweleza mtu akaelewa. Mkwe alikuwa anazima televisheni na kusimama. Binti alimpisha kiti kizuri, akatandika kitambaa juu ya meza ndogo, akamletea maji ya kunawa. Shikamoo baba. Marahaba mwanangu. Habari za kazi? Nzuri. Za huku? Nzuri tu, baba. Kisha kila mmoja anatazama mikono yake mpaka chakula kiive. Akimaliza kula anasema asante mwanangu, chakula kizuri, asanteni sana, na anaomba ruhusa ya kuondoka kama mtu aliyekuja kuuza bima.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Itanyooka aliingia nyumba ile miaka, na jembe hakulishika.

Kosa halikuwa la mtu. Tangu binti akiwa mdogo, baba na mwana walikuwa wanazungumza kupitia kwa mama. Wamekaa chumba kimoja, watatu, na mzee anasema, "Mwambie mwanao afunge dirisha, mbu wanaingia." Mama anageuka: "Baba yako anasema ufunge dirisha." Na mtoto anajibu, "Mwambie baba nimeshafunga." Ulikuwa utani wa nyumbani kwao, kisha ukawa mazoea, kisha ukawa ndiyo njia pekee. Mama alipoondoka waliobaki walikuwa watu wawili wanaopendana wasio na mkalimani.

Basi Jumapili moja, binti alikuwa anakizungushazungusha kile kitambaa cha meza kwenye pembe, akasema, "Baba, tunahama. Mwisho wa mwezi. Kiwanda kimefungua tawi jipya, wamemhamishia huko."

Itanyooka akaweka kikombe chini. "Mbali?"

"Kutwa nzima kwa gari."

"Pazuri?"

"Wanasema pana hewa nzuri. Na nyumba wanatoa wao."

Mzee akatikisa kichwa kukubali, mara kadhaa, taratibu. "Haya," akasema. "Mungu awatangulie. Mfike salama."

Binti akamtazama mumewe. Mume akaitazama televisheni, nayo ilikuwa imezimwa. "Haya, baba," akasema binti, akachukua kikombe kilichokuwa bado na chai, akaenda nacho jikoni.

Kesho yake kwa dobi mzee alitupa habari kama anayezungumzia hali ya hewa. "Watoto wanahama."

"Wanakuacha?" akauliza Povu.

"Watu huhama."

Nikasubiri aseme itanyooka. Hakusema. Akalowesha kidole, akagusa pasi, akavuta shati.

Siku zile zilikuwa ndefu kwake. Alikuwa anakuja kabla ya duka kufunguliwa, anakaa barazani na mimi. Nilimuuliza kwa nini asiwaambie tu kwamba na yeye angependa kwenda. Alinitazama kana kwamba nimemwambia avue nguo sokoni.

"Mtu hajikaribishi, rafiki yangu," akasema. "Hasa kwa mtoto wake. Akinitaka atasema."

"Pengine naye anasubiri wewe useme."

"Yeye ndiye mwenye nyumba."

Ndipo akaunguza shati. Tangu aanze kazi hakuna aliyewahi kuona jambo hilo. Lilikuwa shati la mwalimu mmoja wa mtaa wa pili, rangi ya samawati, na Itanyooka aliiacha pasi juu ya mgongo wa shati lile huku anatazama barabarani, mahali ambapo mama mmoja alikuwa anagombana na mtoto wake kuhusu viatu. Tulisikia harufu. Alipoinua pasi, pale palikuwa na alama ya kahawia, umbo la pasi kamili, na ncha yake.

Mwalimu alipokuja, mzee alimpa shati kwa mikono miwili. Mwalimu akalikunjua, akalitazama, akaliweka juu kwenye mwanga.

"Hili shati lilikuwa limechoka kabla yako, mzee," akasema. "Nitalivaa ndani ya koti. Darasani hakuna anayenitazama mgongoni ila ubao." Kisha akafungua mfuko wake, akatoa suruali yake ya harusi, ile ya pekee, akaiweka juu ya meza ile ile. "Hii naitaka Ijumaa."

Akaondoka zake. Itanyooka akaishika ile suruali, na kwa muda mrefu hakuiwekea pasi, aliishika tu. Povu alifungua mdomo atanie, akaufunga, akarudi kwenye povu lake.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikafika. Kazi ya dobi siku ile huisha mchana. Nilikuwa mlangoni kwangu nimenyoosha goti juani nikamwona Itanyooka anaingia chumbani, na nikasikia kitanda kikilia. Sote tuliopanga pale tulijua ni siku gani. Msusi alikuwa anasuka, na mteja wake alikuwa amelala usingizi chini ya vidole vyake.

"Shemeji," akasema kupitia ukutani. "Leo si ndiyo wanafungasha?"

"Ndiyo."

"Nawe uko kitandani."

"Kuna vijana wa kubeba. Mimi nitawazibia njia tu."

"Watakupita pembeni."

Kitanda kikalia tena.

"Dada yangu angekuwepo leo, ungekuwa umelala hapo?"

"Angekuwepo ningekuwa nimeshatumwa."

"Basi nimekutuma mimi. Amka, nenda kawafungie mizigo. Mtu haagi wanawe kwa kutazama bati." Halafu, bila kubadili sauti, "Na wewe mnoa visu hapo nje, goti si shingo. Msindikize, asije akaishia njiani akasema amechoka."

Ndivyo nilivyofika kwenye nyumba ile, na yaliyotokea niliyaona kwa macho yangu.

Ilikuwa nyumba inayovuliwa nguo. Ukutani palikuwa na miraba iliyong'aa, mahali picha zilipokuwa zimetundikwa. Lori dogo lilisimama nje. Mkwe alikuwa na kamba mabegani, anafunga viti vinne vinne. Mjukuu alikuwa amekaa ndani ya beseni sebuleni na kuliendesha kama gari. Binti alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku, anapakia nguo.

Alipotuona akainuka haraka na kujipangusa mikono. "Shikamooni. Baba, karibu. Jamani, viti vimeshafungwa." Akamwita mumewe. "Mfungulie baba kiti."

"Acha mama, nitasimama," akasema mzee.

"Haiwezekani, baba."

Mkwe akafungua fundo alilokuwa amelikaza muda si mrefu, akachomoa kiti, akakiweka katikati ya sebule tupu. Itanyooka akakaa. Mimi niliegemea mlango. Ile nyumba yote ilikuwa imejaa kazi, na yeye ameketishwa katikati yake kama mgeni rasmi.

Akakaa hivyo akimtazama binti yake anavyopakia. Na binti alikuwa anapakia vibaya, Mungu anisamehe. Anachukua shati, analikunja katikati, analisukumiza kwenye pembe. Nikaona vidole vya mzee vinaanza kutembea juu ya goti. Akatazama dirishani. Akatazama dari. Macho yakarudi.

"Hizo ni nguo au ni mboga?" akasema.

Binti akaacha mkono hewani. Nadhani hakuwahi kuisikia sauti ile ikielekezwa kwake moja kwa moja. "Baba, pumzika tu. Zitapigwa pasi tukifika."

"Atapiga nani?"

"Mimi."

"Kama lile gauni la shule? Kila rinda mistari miwili, mtoto anatembea kama reli?"

Mkwe akakohoa. Binti akaweka shati chini. "Umeliona lini?"

"Tangu aanze shule."

"Na kila Jumapili unakula, unashukuru, unaondoka. Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje, nyumbani kwa watu?"

Nilitamani aliyelisema neno lile alirudishe. Binti alikaa juu ya visigino vyake. "Kwa watu," akasema polepole. "Mimi ni watu, baba?"

"Sikuwa na maana hiyo."

"Basi ndiyo maana ulikataa kuhama. Usingeweza kwenda kuishi kwa watu."

"Nilikataa nini?"

"Kuhama."

"Nani aliniambia nihame?"

"Mimi. Ulikaa pale, kwenye kiti hicho hicho, nikakwambia, baba, tunahama."

"Ulisema mnahama."

"Nilisema tunahama."

"Ndiyo, tunahama. Wewe, na mumeo, na mtoto."

"Na wewe. Tu, baba. Tunahama. Kama ningekuwa nakuacha ningesema nakuacha."

"Mtu anaambiwa hivyo? Mtu anaambiwa, baba, fungasha vitu vyako."

"Namwambiaje baba yangu mzazi afungashe, kama namfukuza? Nilisema tunahama, nikangoja uniulize lini, uniulize chumba chako kitakuwa wapi, uniulize chochote. Ukaniambia Mungu awatangulie. Umetuombea safari kama majirani. Nikaenda jikoni, na hukuuliza kwa nini sirudi."

"Nilidhani una kazi."

"Nilikuwa nalia, baba."

Mimi lugha hii nimezaliwa ndani yake na nitafia ndani yake, na sikuwahi kuona kwamba lile "tu" ni mlango usio na kitasa. Aliye ndani anaona uko wazi, aliye nje anaona umefungwa.

"Nilimwambia siku ile ile," akasema mkwe, kamba bado mabegani. "Nikasema, rudi ukamuulize tena. Akasema baba ameshaamua, nisimbembeleze nikamwaibisha."

"Mama angekuwepo," akasema binti, "angegeuka tu akasema, baba yako hajaelewa."

"Angegeuka upande wangu pia," akasema mzee. "Angesema, mwanao anakuita."

Hapo hakuna aliyejua la kufanya na mikono yake. Ni mtoto aliyekuwa kwenye beseni aliyeuliza, "Sasa babu anahama au hahami?"

Mkwe akateremsha kamba chini. Nilimwona anatafuta maneno. Akasema kiwanda kiliwatengea nyumba ya vyumba viwili vya kulala. Lakini baba alipoonekana kukataa, waliona vibaya kukalia nafasi, wakaiachia familia moja yenye watoto wengi. Wao wakachukua ndogo. Chumba kimoja, sebule, basi. Funguo zilishagawiwa. "Mtoto tutalala naye," akasema. "Lakini wewe, baba, kwa kweli..."

"Sebule ipo?" akauliza Itanyooka.

"Siwezi kukulaza sebuleni," akasema binti. "Watu watasema nini? Baba mzima anakunja godoro asubuhi."

"Asiyelazwa sebuleni ni mgeni. Mgeni ndiye anayepishwa chumba. Wa nyumbani analala penye nafasi."

Binti alimtazama. Uso wake ulikuwa umelowa na hakuwa na habari nao. Nilidhani atamkumbatia, na pengine yeye mwenyewe alidhani hivyo, lakini watu wale hawakuwa na njia hiyo.

"Basi inuka kwenye hicho kiti," akasema. "Kinafungwa."

Mzee akainuka upesi kuliko nilivyowahi kumwona. Mkwe akakibeba kiti. Itanyooka akapiga magoti mbele ya sanduku, akamwaga nguo zote chini, akaanza upya, shati moja baada ya jingine, na binti akawa anamkabidhi, na akikosea upande anapigwa kikofi kidogo mkononi.

Hakuondoka nao siku ile. Alikuwa na nguo za watu mezani, na kumtoroka tajiri haikuwa tabia yake. Lori lilipotaka kung'oka, binti alitoa kichwa dirishani. "Baba, umfagilie mwenye nyumba. Ufunguo umkabidhi mkononi, usimpe mtu. Na bafuni kuna ndoo yangu, uje nayo." Lori likaenda. Alifagia nyumba nzima, hata nyuma ya milango. Mimi nilikaa kizingitini. Nilimsikia huko ndani, ufagio unakwenda, unasimama muda, unakwenda tena.

Baada ya wiki chache akaondoka kweli. Asubuhi ile alitoka makaburini na udongo kwenye viatu, akabisha kwa msusi.

"Naondoka, shemeji."

"Sikukwambia sema hapo nje, nimesema pita."

Akaingia, akakaa juu ya kiti cha wateja, akapewa maji. Akayanywa yote. Akasema, "Nilitaka kukushukuru."

"Kwa lipi?"

"Kwa zile jioni."

"Mimi nilikuwa najibu tu," akasema msusi. Akaanza kung'oa nywele kwenye kitana, moja moja, ingawa kilikuwa kisafi.

Chumba cha Itanyooka alikipanga kijana mmoja mwenye spika. Msusi aliniambia hana ubaya, ila anaingia kama paka, hujui yupo wala hayupo mpaka muziki uanze. Jioni msusi alikuwa anakaa na mlango wazi.

Goti lilipopata nafuu nikabeba jiwe langu. Nilipita miji kadhaa, na mvua za mwaka ule zilikuwa zinakaribia nilipojikuta katika mji wenye kiwanda kipya. Nikauliza, nikaonyeshwa safu ya nyumba ndogo zinazofanana, nikaijua yao kwa kamba ya nguo: kila shati limeanikwa kwa mshono wa chini, mikono imening'inia sawa.

Nikabisha hodi. "Karibu, mzee wetu, karibu sana," akasema binti, na uso wake ulifurahi kweli. Nikapewa kiti kizuri, na chai. Mjukuu akaja kunisalimia, gauni lake la shule lina marinda ya mstari mmoja mmoja. Nyuma ya kochi niliona godoro limekunjwa na kufungwa kwa kamba, na juu yake shati jeupe.

"Baba yuko wapi?"

"Yuko nyuma huko." Akapaza sauti, sauti nyingine kabisa. "Baba, hilo wingu hulioni? Na ndoo umeiweka wapi tena?"

"Mikono ninayo miwili tu," ikajibu sauti kutoka uani.

"Ndiyo hiyo hiyo ianue nguo."

Itanyooka akaingia na nguo hadi kidevuni. Aliponiona akacheka, akashindwa kunipa mkono, akanipa kiwiko. Tukakaa. Akaanza kulalamika, na yeye sikumjua kwa kulalamika. Akasema mtoto anaamka kabla ya jogoo na kumpanda kifuani. Akasema mkwe akitoka zamu ya jioni anawasha taa bila kuuliza. Akasema tangu aje hakuna aliyemwambia asante hata kwa shati moja. Na yeye pia, akasema, neno hilo ameshalisahau, juzi alikula akasema chumvi imezidi, akaambiwa kesho apike mwenyewe, na akapika.

Halafu akaniuliza kama kaburi bado limezungushiwa mawe. Nikasema nilipoondoka yalikuwepo. Akauliza habari za shemeji yake. Nikamwambia mzima, anasuka. Akaendelea kulipapasa shati lililokuwa mapajani mwake, ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

Nilipoaga walitoka wote mlangoni. "Asante sana kwa kutukumbuka, mzee," akasema binti. "Karibu tena, tafadhali, hapa ni nyumbani." Akanipa kitu cha kula njiani, kimefungwa kwenye kitambaa safi. Nikashukuru. Itanyooka akasema atanifikisha mpaka kona, tukaenda taratibu, yeye kwa ajili ya goti langu. Hatukufika. Binti alikuwa amesimama kizingitini.

"Baba, usikawie, pasi iko kwenye moto."

"Nakuja," akasema, akanishika bega, akageuka. Alikuwa anatembea haraka, mabega mbele, na hakutazama nyuma.

Nilipofika kona matone yakaanza. Nikajibanza chini ya bati la duka lililofungwa, nikaweka jiwe langu mahali pakavu, nikasubiri mvua ikatike.